Wazazi wa kidato cha sita: tumsaidie kijana kuchagua chuo bila kumchagulia

Mleta mada

Ndugu wazazi na walezi, habari za majukumu. Ninaandika nikiwa na mtoto wa pili aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei mwaka huu, ambaye sasa yuko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na nikiwa bado na kumbukumbu ya dada yake aliyemaliza mwaka 2020. Huo ndio mwaka ambao shule zilifungwa tarehe 17 Machi na watoto wetu wakarudishwa nyumbani wakati mtihani wa taifa uko karibu kabisa. Kwa huyo wa kwanza nilifanya jambo moja vizuri na jambo jingine vibaya sana, na yote mawili nayaweka hapa kwa sababu katika mazungumzo na wazazi wenzangu naona wengi tunaelekea kulirudia lile la pili.

Binti yangu alikuwa akisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) katika shule ya bweni. Alirudi na begi la nguo, madaftari manne na vitabu viwili vya kuazima, kwa kuwa tangazo la kwanza lilikuwa la siku 30 na hakuna aliyedhani kwamba wangekaa nyumbani hadi tarehe 1 Juni. Walimu wao walifungua kundi la WhatsApp na kuanza kutuma masomo: picha za ubao, sauti walizorekodi wenyewe, maswali ya mitihani iliyopita. Kikwazo ni kwamba simu janja nyumbani ilikuwa moja, nayo ni yangu, na niliondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini na kurudi nayo saa moja usiku. Masomo yaliingia mchana kutwa kwenye mkoba wangu, huku mwenye kuyahitaji akiwa nyumbani anasubiri. Nikifika, alianza kunakili picha moja baada ya nyingine hadi saa nne, na muda wa kufikiri ukawa umekwisha. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo na vilisaidia, lakini vilifuata ratiba yao, havikujua yeye amekwama wapi.

Nilinunua kaunta buku, nikawa nayanakili masomo yale mwenyewe wakati wa mapumziko ya mchana. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kemia niliiacha mapema, kwa hiyo nilichora nilichokiona kama mtu anayenakili urembo wa khanga. Siku moja nilichora pete ya benzini nikasahau lile duara la katikati. Jioni binti alilitazama daftari, akacheka kidogo, kisha akaniambia kwamba bila duara lile, au mistari mitatu ya ndani inayoweza kuwekwa badala yake, nilikuwa nimechora kitu kingine kabisa kinachoitwa sikloheksani. Nilimuuliza tofauti ni ipi. Alinieleza akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, na alipofika mahali pa kueleza kwa nini benzini haifanyi mmenyuko kwa wepesi ule unaotarajiwa, alinyamaza, akaweka mwiko chini na kwenda kufungua kitabu. Nilielewa hapo kwamba hata mzazi asiyejua somo anayo kazi katika somo hilo, nayo ni kuuliza kwa dhati na kusikiliza hadi mtoto mwenyewe agundue palipo na pengo. Tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila jioni, nusu saa, hadi shule zilipofunguliwa. Mtihani ulianza tarehe 29 Juni.

Hilo ndilo jema. Baya lilikuja kwenye maombi ya chuo.

Mimi nilitaka awe daktari. Nilimwambia hivyo tangu kidato cha kwanza, ndugu zangu walimwita daktari kwenye harusi na misibani, na sikuwahi kumuuliza. Matokeo yalipotoka alikuwa na C moja na D mbili, yaani alama 7 kwa hesabu ya udahili, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Niliufungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), nikaona kwamba shahada ya udaktari wa binadamu inahitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia kwa jumla ya alama zisizopungua 6, nikafurahi: binti yangu anazo 7. Sikuelewa kwamba alama 6 ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba, na kwamba nafasi hupewa wale walioko juu katika orodha ya walioomba, ambao wengi wao walikuwa na alama zinazozidi zake kwa mbali. Nilijaza udaktari kila chuo. Awamu ya kwanza hakupata. Awamu ya pili hakupata. Mwisho tukakimbilia chuo kimoja binafsi kwa kozi ambayo hakuna kati yetu aliyeijua vizuri, kwa ada ambayo sikuwa nimeikokotoa hadi mwisho, na ilipofika katikati ya muhula niliishiwa. Alirudi nyumbani.

Nilipomuuliza mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza, angependa kusoma nini, alijibu bila kusita kwamba tangu kidato cha tano alikuwa akitamani kusomea lishe. Aliomba SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mwaka 2021, akapata, na miaka mitatu baadaye alihitimu. Mwaka mmoja wa maisha yake ulipotea kwa sababu mimi niliona aibu kubadili jina nililokwisha kumpa mbele ya watu.

Kwa huyu wa pili nimejaribu njia nyingine. Kabla hajaenda kambini tulikaa jioni tatu na mwongozo wa udahili. Nilimwomba aandike kwa mkono wake kozi tano kwa mpangilio wa anavyozipenda, na mbele ya kila moja aandike sentensi moja ya kwa nini, sentensi ambayo haina neno ajira wala neno wazazi. Karatasi hiyo iko kwenye droo yangu. Dirisha la udahili linaweza kufunguliwa akiwa bado kambini, ambako simu si kitu cha kukitegemea, na nimeahidi kujaza kile alichoandika na kwa mpangilio uleule. Ninachoomba kwenu ni uzoefu: wenzangu mmewasaidiaje vijana wenu katika kusoma wakiwa nyumbani, na katika uchaguzi huu wa chuo?

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa kidato cha tano na sita)

Mama, nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi. Ninafundisha Kemia, na habari ya pete ya benzini imenigusa kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa upande wa pili wa simu hizo.

Naomba niongeze jambo ambalo wazazi hawakuliona, kwa kuwa lilionekana kwangu mimi niliyepokea majibu. Nilipotuma zoezi asubuhi, wavulana wengi walirudisha majibu kabla ya mchana. Wasichana wengi walirudisha saa nne au saa tano usiku, na baadhi hawakurudisha kabisa, ingawa darasani walikuwa miongoni mwa bora. Nilimpigia mmoja wao simu. Alinieleza ratiba yake: maji, kifungua kinywa, kufua, chakula cha mchana, mdogo wake wa miaka miwili, chakula cha jioni, vyombo, kisha Kemia. Shule ya bweni ilikuwa imempa kitu ambacho nyumbani hakikuwepo, nacho ni saa ambazo hakuna mtu anayemwita. Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua amsaidieje mtoto anayesoma akiwa nyumbani, iwe ni likizo, iwe ni masomo ya ziada kwa njia ya mtandao, au iwe ni dharura kama ile, ajiulize kwanza mtoto huyo anaitwa mara ngapi kati ya saa mbili na saa sita. Bando ni muhimu, lakini nimeona watoto wenye bando na wasio na saa.

Kuhusu bando lenyewe, mazungumzo ya video humaliza fedha haraka na faida yake kwa somo kama la kwangu ni ndogo. Sauti ya dakika tano pamoja na picha moja iliyo safi humfikia hata mwanafunzi mwenye mtandao hafifu, naye huweza kuirudia mara kumi. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ni vizuri mtoto akaenda mahali penye intaneti nzuri siku moja, akapakua kinachoweza kupakuliwa, kisha akasoma nyumbani bila kuwasha data. Data ikiwa imezimwa, hata vishawishi vingine vya simu hupungua.

Jambo la mwisho ni swali la mzazi. Wengi huuliza, «Umesoma?» Jibu lake ni ndiyo, na mazungumzo yameishia hapo. Uliza, «Nionyeshe swali lililokushinda leo.» Mtoto ambaye hana swali lililomshinda kwa wiki nzima ya kidato cha sita, hajasoma.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, pole kwa yaliyokupata, lakini naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mimi ni baba wa vijana watatu. Mtoto wa miaka kumi na tisa anachagua kozi kwa sababu rafiki yake ameichagua, au kwa sababu jina lake linasikika vizuri. Anayelipa ada ni mimi, na atakayekaa naye nyumbani miaka mitano bila kazi ni mimi pia. Ninayaona mabango ya ajira, ninajua nani anaitwa kwenye usaili na nani haitwi. Kukaa kimya kwa kisingizio cha kumheshimu mtoto wakati unaona anaelekea shimoni si malezi. Kosa lako, kwa maoni yangu, halikuwa kumchagulia. Kosa lako lilikuwa kumchagulia bila kujua namna udahili unavyofanya kazi.

Mleta mada

Kaka, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Sikukaa kimya kwa huyu wa pili. Amesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na katika zile jioni tatu nilimwambia mambo ambayo dada yake hakuwahi kuambiwa: kipato chetu kwa mwezi ni hiki, madeni ni haya, mdogo wako anaingia kidato cha tano, kwa hiyo ada ninayoweza kulipa bila mkopo haizidi kiasi hiki kwa mwaka. Alinyamaza muda mrefu. Kisha yeye mwenyewe alifuta kozi moja kwenye orodha yake, kozi ambayo mimi nisingethubutu kuifuta, na akaweka nyingine ya jirani inayotolewa na chuo cha umma. Nadhani tofauti yetu iko hapo. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kuweka mezani kila anachokijua: fedha, ajira, umbali, hata hofu zake. Akishaviweka, kalamu iwe mkononi mwa mtoto, maana ndiye atakayeamka saa kumi usiku kujisomea somo hilo kwa miaka mitatu au minne. Binti yangu alishindwa kuamka kwa ajili ya kozi ile niliyomsukumia. Kwa lishe aliamka mwenyewe.

Kuhusu ajira, sijui kama mimi na wewe tunaiona vizuri kama tunavyofikiri. Nilipokuwa ninamshawishi binti yangu, sikujua hata kwamba hospitali na halmashauri huajiri maofisa lishe.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wazazi. Mimi si mzazi, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, naomba kuchangia kidogo kwa kile kilichonipata.

Maombi yangu yalijazwa kwenye duka la steshenari karibu na stendi, kwa sababu nilikuwa kambini na nyumbani hakuna aliyekuwa na uzoefu. Kijana wa duka alimsaidia mjomba kwa moyo mweupe, lakini alitumia barua pepe yake yeye na namba ya simu iliyokuwa ya mjomba. Nilichaguliwa na vyuo viwili. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja ni lazima uthibitishe kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojisajili nayo, na muda wake una mwisho. Ujumbe ulikwenda kwa mjomba, ambaye alikuwa amebadilisha laini. Niliposhuka kutoka kambini zilikuwa zimebaki siku mbili, na tulizitumia zote kumtafuta kijana wa steshenari, ambaye alikuwa ameondoka kwenda kwao kwenye msiba. Tulimpata saa mbili usiku ya siku ya mwisho. Hadi leo nikisikia mlio wa ujumbe saa mbili usiku moyo hunidunda.

Naomba sana wazazi mfungue barua pepe ya mtoto kabla hajaenda kambini, neno la siri liandikwe kwenye karatasi, na namba ya simu iwe ya mtu ambaye hatabadilisha laini hadi mwezi wa kumi na moja.

Mchangiaji wa nne

Nina swali kwa mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tano, tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya CBG. Ameanza kusema anataka udaktari wa binadamu. Shuleni waliambiwa kwamba masomo ya sayansi yote yanafungua mlango huo. Je, ni kweli?

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu)

Mama, ni afadhali uujue ukweli sasa akiwa kidato cha tano. CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia. Udaktari wa binadamu, kwa mwongozo wa TCU, unataka ufaulu wa Fizikia katika kiwango cha kidato cha sita pamoja na Kemia na Biolojia, na yeye hana Fizikia. Hata akipata A tatu, mlango huo haufunguki kwa njia ya moja kwa moja. Kama jambo hili liko moyoni mwake kweli, zungumzeni na shule mapema kuhusu uwezekano wa kubadili tahasusi, mkijua kwamba kila wiki inayopita inaongeza mada atakazopaswa kuzifukuzia. Akibaki CBG, bado kuna kilimo, mazingira, ualimu wa sayansi na mengine mengi yanayopokea masomo yake vizuri; kaeni na mwongozo mwangalie kozi moja moja, kwa sababu kozi mbili zenye majina yanayofanana katika vyuo viwili zinaweza kuwa na masharti tofauti.

Nawaomba na wazazi wenye watoto wa kidato cha nne wasome hapa pia. Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaongezwa kwenye 16 zilizokuwepo na kufikia 65. Ni jambo jema kwa watoto wenye vipaji ambavyo tahasusi za zamani kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hazikuvipa nafasi. Lakini uchaguzi wa chuo sasa umesogea nyuma: unaanza siku mtoto anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi. Ukiona tahasusi inayovutia, fungua mwongozo wa vyuo vikuu siku hiyohiyo na uhesabu ni kozi ngapi zinaitambua.

Mchangiaji wa tano

Mimi ninachokiogopa ni mkopo. Kijana wangu anastahili kuomba, lakini sipendi aanze maisha akiwa na deni la serikali ambalo halimaliziki. Ndugu yangu mmoja alikatwa mshahara miaka mingi na kila akiuliza anaambiwa bado. Je, si afadhali asubiri mwaka mmoja nijipange?

Mleta mada

Ndugu, hofu hiyo nilikuwa nayo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na wanufaika wa miaka ya nyuma walikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ndiyo iliyofanya deni lionekane kama linakua huku mtu analipa. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Kilichobaki ni kurejesha mkopo wenyewe, na kwa aliyeajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara. Ni makato mazito kwa mshahara wa kwanza, sitakuficha, na ni haki kijana aambiwe kabla hajasaini. Lakini mtoto wangu wa kwanza alikaa nyumbani mwaka mmoja «nikijipanga», na katika mwaka huo fedha niliyokusudia kuiweka ilikwenda kwenye matibabu na paa. Mwaka wa kusubiri nao una gharama yake, na anayeilipa ni yeye.

Kinachowaangusha wengi kwenye mkopo si vigezo, ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho vilevile. Fomu inahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa wakili au hakimu. Mdhamini anatakiwa awe na kitambulisho. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) iambatishe uthibitisho wake. Na jambo dogo linaloumiza: namba ya mtihani wa kidato cha nne anayotumia kuombea mkopo iwe ileile anayotumia kuombea chuo. Kama alirudia mtihani na ana namba mbili, aamue moja na aishike hiyo kote.

Tazameni pia majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana wangu jina la babu lina herufi «h» ambayo kwenye cheti cha kidato cha nne haipo. Niliiona kwa bahati mwezi wa Machi, nikiwa napanga nyaraka kwenye bahasha. Herufi moja hiyo imenipeleka kwa wakili mara mbili.

Mchangiaji wa pili

Dada, nimerudi. Jana usiku nilimwita kijana wangu wa mwisho, anayemaliza mwakani, nikamwomba aandike kozi tano na sababu zake kama ulivyoeleza. Aliandika tatu tu. Ya kwanza sikuitarajia kabisa: anataka kusomea upimaji ardhi. Nilimuuliza alikojifunzia hayo. Alisema ile wiki waliyokuja watu wa kupima viwanja mtaani kwetu, alishinda nao siku mbili akiwashikia kamba, na mmoja alimruhusu kuchungulia kwenye kile chombo chao chenye miguu mitatu. Mimi nilikuwepo nyumbani wiki hiyo na nilimgombeza kwa kuchelewa chakula. Sijasema ndiyo bado. Nimemwambia tutauangalia mwongozo pamoja Jumamosi, tuone Chuo Kikuu Ardhi wanataka masomo gani, na yeye ndiye atakayenisomea.

Mchangiaji wa sita

Naomba niongeze kwa wale ambao matokeo hayatakuwa mazuri, kwa kuwa uzi wote unazungumza kana kwamba kila mtoto atafikia vigezo. Kiwango cha chini cha jumla kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya alama zisizopungua 4. Mtoto asipofika hapo, nyumbani huwa kimya kama kuna msiba, na wengine husukumwa kurudia mtihani bila kuulizwa. Zipo njia nyingine zilizo halali kabisa. Stashahada katika chuo kinachosimamiwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) ni mojawapo, na mwenye wastani wa kuanzia 3.0 huweza kuomba shahada baadaye, akiwa tayari anaijua kazi kwa mikono. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina programu ya awali ya kumwandaa anayepungukiwa, na kinafundisha kwa masafa, kwa hiyo kijana anaweza kusoma akiwa nyumbani.

Hapo ndipo maneno ya mwalimu kuhusu saa na kuitwaitwa yanaporudi. Mdogo wangu alisoma Huria akiishi kwetu, na kwa mwaka mzima wa kwanza tulimtuma dukani kana kwamba hana shughuli, kwa kuwa hatukumwona akivaa na kutoka. Alianza kufaulu pale mama alipomwekea meza chumbani kwake na kutangaza kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto huyu yuko chuoni.

Mleta mada

Ahsanteni nyote. Mwanafunzi uliyechangia, marahaba, na nimefanya ulichosema: jana nilihakikisha kwamba neno la siri la barua pepe ya kijana wangu linafanya kazi kwenye simu yangu, nikalinakili nyuma ya karatasi ya kozi tano. Laini niliyojisajili nayo ninayo tangu 2012 na haitabadilishwa.

Kwa aliyeniuliza faraghani kuhusu uhakiki wa RITA: maombi hufanyika kwa mtandao, unapakia nakala ya cheti iliyo safi na kulipia kwa namba ya malipo unayopewa. Usisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe, maana siku hizo kila mtu huingia kwa wakati mmoja. Jumatatu asubuhi nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumwomba anitambulishe kwa mtendaji mapema, kwani mwaka 2020 nilimkuta amesafiri. Binti yangu atanisindikiza. Ndiye mdhamini wa mdogo wake.